Mfuate mwenye ufunguo mpya: ninavyowapata wateja wa vitanda Keko

Nauza vitanda, makabati na makochi Keko, Temeke, na huu ni mwaka wa kumi na tatu. Randa sishiki. Randa wanashika mafundi wangu wanne, na mkubwa wao, mzee wa Newala, hapendi hata nisimame karibu na meza yake. Kazi yangu mimi ni kuhakikisha kitanda kikishakauka vanishi hakilali dukani zaidi ya wiki mbili. Kitanda kikikaa Keko kinashika vumbi, vumbi linaharibu vanishi, na vanishi ikirudiwa faida imekwenda.

Kina dada wanaoanza biashara zao huniuliza sana, "Dada, wewe unatangazaje?" Nimechoka kujibu kwa meseji za sauti za dakika saba, ndiyo maana nimekaa kuandika. Nitazungumzia vitanda kwa sababu ndivyo ninavyovijua. Ukiwa unauza mapazia, magodoro, milango, vigae, au unapaka rangi nyumba za watu, badilisha jina la bidhaa na uendelee kusoma. Ukiwa unauza maandazi, sehemu kubwa ya haya haitakufaa, na utaona kwa nini.

Kizuri hakijiuzi kikiwa na ndugu zake arobaini

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyeitunga hakuwahi kupanga fremu Keko. Hapa kitanda changu kizuri kimekaa jirani na kitanda kizuri cha mwenzangu, ng'ambo ya barabara kuna kizuri kingine, na katikati yao kuna kibaya kilichopakwa vanishi kikang'aa kuliko vyote. Mteja akishuka kwenye bajaji anaona vitu vinavyofanana, kichwa kinamzunguka, anamfuata yeyote atakayewahi kumwambia "karibu mama". Kwa hiyo kazi ya kumpata mteja lazima iwe imekwisha kabla hajapanda hiyo bajaji. Atoke kwake Goba au Chamazi akiwa anakuja kwangu, kwa jina.

Mwanzoni sikulijua hilo. Nilidhani kutangaza ni kelele. Nilienda Kariakoo, nikapita Mtaa wa Congo, nikasikia zile spika, "elfu tano, elfu tano, elfu tano," na watu wamejazana. Nikarudi na spika yangu. Nikamrekodi binti mwenye sauti tamu: "Vitanda, vitanda, tano kwa sita, sita kwa sita!" Jumamosi mbili mfululizo. Watoto walicheza, muuza miwa alimaliza mkokoteni wake wote, mimi sikuuza hata stuli.

Nilikuja kuelewa baadaye nikiwa nimekaa kwenye daladala pale Mbagala Rangi Tatu, namtazama mpiga debe. Yule kijana hamshawishi mtu aende Kariakoo. Kila anayemwita ameshaamua safari tangu alipoamka. Yeye anamwonyesha gari tu. Fulana ya elfu tano nayo ni hivyo hivyo: unapita, pesa unayo, unachukua. Andazi ndio kabisa, njaa imeshakupigia debe tangu asubuhi. Lakini hakuna mtu aliyewahi kupita Keko akiwa na safari zake, akasikia spika, akasema ngoja nibebe kitanda.

Niliwahi kusoma kozi ya jioni ya biashara. Mwalimu alituandikia ubaoni zile P nne za Mmarekani Jerome McCarthy, za mwaka 1960: bidhaa, bei, mahali na promosheni. (Kwa Kiswahili P zote zimepotea njiani isipokuwa ya mwisho, na darasa zima tulicheka.) Ni somo zuri na nalitumia mpaka leo. Ila kwa mtu anayeuza kitu kinachonunuliwa mara tatu au nne katika maisha, ubao ule ulikosa neno moja: siku. Siku gani mtu huyu anakihitaji hiki kitu?

Iandike kalenda ya mteja

Chukua karatasi. Juu andika bidhaa yako, chini andika matukio yanayomfanya mtu aseme "leo lazima". Yangu haya hapa. Kahamia kwenye nyumba aliyojenga, hata kama haijapigwa plasta. Kapanga, kalipa kodi ya miezi sita. Binti anaolewa. Mtoto katimiza miaka minne na baba kachoka kupigwa mateke usiku. Mama mkwe anakuja kutibiwa mjini na atakaa. Ndoa imevunjika na mmoja katoka na begi tu. Hilo la mwisho usilitangaze popote, ila ulijue, kwa sababu mteja wa namna hiyo anataka kitanda leo leo, anataka cha tatu na nusu kwa sita, na hataki maswali.

Ukishaandika, utaona kwamba mengi ya matukio hayo yana kitu kimoja: mtu kakabidhiwa ufunguo. Ndipo ninapoelekeza nguvu zangu zote.

Machi 2022 serikali ilizindua nyumba za Magomeni Kota, zilizojengwa kwa ajili ya kaya 644 za wakazi wa zamani wa pale. Wenzangu wengi waliisoma ile kama habari ya siasa. Mimi nilisoma funguo 644. Nilimtuma kijana wangu na futi kamba, akaongea vizuri na mkazi mmoja, akarudi na vipimo vya vyumba. Kipeperushi changu hakikuwa na picha ya kitanda cha kifalme chenye nguzo. Kilikuwa na mchoro wa chumba chao wenyewe, umeonyesha kitanda kinapokaa, kabati linapokaa, na mlango unafunguka bila kugonga kitu. Chini bei, namba ya simu, na maneno "tunakuja kukifunga ndani". Walionipigia waliniambia karibu maneno yale yale: "Wewe umekiona chumba changu."

Halafu kuna kalenda ya mji mzima. Ndoa nyingi za Waislamu husubiri mfungo uishe, kwa hiyo baada ya Idi ni harusi juu ya harusi. Wakristo wengi nao husubiri Kwaresima ipite. Desemba watu wanaoa, wanahamia, wanapokea wageni. Januari pesa yote iko kwenye ada, usijitese. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mteja wa Bunju havuki mji mzima kuja kukanyaga matope ya Keko, kwa hiyo miezi hiyo duka langu lipo kwenye simu. Na kitanda cha oda kinachukua wiki mbili mpaka tatu mezani kwa mzee. Tangazo la vitanda vya harusi nikilitoa baada ya Idi nimechelewa. Nalitoa wiki tatu kabla ya mfungo kuanza.

Waliomwona mwenye ufunguo kabla yako

Wewe huwezi kujua nani kapata nyumba Kinyerezi wiki hii. Lakini wapo wanaojua: dalali aliyempangisha, fundi rangi, fundi umeme, fundi wa vigae. Na yupo mmoja ambaye watu wengi humsahau, dereva wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo.

Nitakaa kidogo kwa dereva wa kirikuu maana amenilea. Huyu ndiye anayebeba vyombo vya mtu anayehama. Anaona godoro limekuja bila kitanda. Anaona kabati limevunjika mguu pale pale wakati wa kulishusha, mama wa nyumba kashika kiuno. Hapo hapo, jasho halijakauka, akisema "kuna dada Keko anatengeneza imara, namba yake hii," neno lake lina uzito kuliko bango lolote la barabara ya Nyerere. Nilianza na madereva watatu wa kijiwe kimoja Tabata. Sikuwapa hotuba. Niliwaita dukani, nikawanunulia chai na chapati, nikawaonyesha kitanda kinavyofunguliwa na kufungwa ili wakikibeba wasikivunje, nikawapa kadi zenye namba yangu na alama ya kila mmoja nyuma. Kadi ikirudi na mteja, mwenye alama anapata chake siku hiyo hiyo kwenye simu. Sisubiri mwisho wa mwezi. Dereva akisubiri mwezi mzima kwa ajili ya elfu thelathini, kadi zangu ataziwekea glasi ya chai.

Sasa sikiliza, hapa ndipo wengi wanaharibu. Usiruhusu cha juu. Dalali akija na mteja akakukonyeza, "dada ongeza laki," kataa mbele yake, kwa upole lakini ukatae. Mimi nawalipa asilimia tano kutoka kwenye pesa yangu, na bei ya mteja ni ile ile iliyoandikwa kwenye kitanda. Mteja wa Dar ana shemeji, ana jirani, ana kikundi cha vikoba. Wiki mbili haziishi kabla hajajua mwenzake kalipa ngapi. Siku akijua, hatamchukia dalali. Atakuchukia wewe.

Kibao cha chapati

Mlango mwingine wa harusi ni kicheni pati. Ndani ya ukumbi ule wamekaa wanawake mia na kitu, wenye umri wa kununua, wametulia saa nne nzima wanamsikiliza somo, yule kungwi anayemfunda bibi harusi. Nilijaribu kuomba nafasi ya kutangaza. MC alinipa dakika mbili kati ya chakula na zawadi, hakuna aliyenisikia, vijiko vilikuwa na kelele kuliko mimi.

Wazo zuri lilitoka kwa mzee wa Newala, na alilitoa kwa hasira. Vipande vya mninga vilikuwa vimejaa chini ya meza yake akaniuliza kama nitavila. Tukaanza kutengeneza vibao vya kusukumia chapati. Gerezani walinichongea muhuri wa chuma wenye namba yangu na neno Keko. Tunauchoma moto, tunaugandamiza chini ya kibao, inabaki alama nyeusi isiyofutika. Kila kicheni pati ninayoalikwa, au anayoalikwa mteja wangu, kinaenda kibao kimoja kama zawadi ya bibi harusi. Kinapita mkono kwa mkono. Kila mwanamke anakigeuza, sijui kwa nini, ila wanawake wote hugeuza kitu kuona chini yake. Na masomo wawili ninaofahamiana nao siku hizi huniambia mapema harusi iko lini, wazazi wa binti wanatafuta nini.

Kila anayenunua kitanda naye anapata kigoda kidogo cha vipande, chenye muhuri ule ule. Kigoda kinakaa jikoni, shangazi akija anakikalia, akiondoka anauliza kilitoka wapi. Wewe ambaye hufanyi kazi ya mbao, tafuta kinachobaki kwako. Muuza mapazia ana vitambaa vya kutosha kutengeneza vishikio vya sufuria.

Vikoba ni hadithi ndefu kidogo, nitaipitia haraka. Wanachama wengi hawana laki sita kwa mpigo ila wana elfu ishirini kila wiki. Nimewapa kadi ya kudunduliza: kila malipo yanaandikwa pande zote mbili, ikifika nusu mbao inakatwa, ikitimia kitanda kinatoka. Sharti ni langu mwenyewe, hizo pesa zina laini yake ya simu na sizigusi hata mwenye fremu akinigongea mlango.

Mtandaoni: andika bei

Nenda Instagram leo, tazama kurasa za fenicha za hapa mjini. Picha nzuri, chini yake watu thelathini wameuliza "bei gani?", na jibu ni "njoo DM". Nilifanya hivyo miaka mitatu. Nilidhani nikificha bei nitampata mteja niongee naye. Siku moja dada mmoja wa Mbezi aliyekwisha nunua kwangu aliniambia kitu: "Mimi nilikuwa naona aibu kuuliza. Nikiuliza ukasema milioni mbili, nitajibu nini?" Nikafikiria wangapi walipita kimya kwa aibu hiyo hiyo.

Tangu hapo kila picha ina bei, ukubwa, aina ya mbao, na kama usafiri umo au haumo. Meseji zilipungua sana, nikaogopa. Lakini wanaokuja wanakuja na kianzio mfukoni. Na nimejifunza kuweka vitanda vitatu pamoja kwenye posti moja: cha paini, cha mtiki, cha mninga, vyote tano kwa sita, bei tofauti. Mtu akiona kimoja anauliza kama ni ghali. Akiona vitatu anajiuliza achukue kipi.

Video zilizoniletea watu wengi kuliko zote hazimwambii mtu anunue. Nafundisha kutofautisha mbao. Nasema mninga wa kweli unatoka kwenye misitu ya miombo, huko Tabora na Katavi. Mtiki unapandwa Longuza kule Muheza na bonde la Kilombero. Paini nyingi zinashuka kutoka Sao Hill, Mafinga. Halafu naonyesha ujanja: kuna watu wanapaka paini vanishi ya rangi nzito wanakuuzia kama mninga. Usitazame mbele, geuza. Angalia chini ya ubavu wa kitanda na nyuma ya kichwa, mahali ambapo brashi huwa mvivu kufika, utaona rangi halisi ya mbao. Inua upande mmoja usikie uzito. Omba ruhusa ukwangue kidogo na ufunguo pasipoonekana. Na mimi mwenyewe nasema wazi kwenye video kwamba kitanda changu cha mninga kina chaga za paini, kwa sababu chaga za mninga zingepandisha bei bila faida ya maana kwa mlalaji.

Mama mmoja wa Segerea aliangalia video hiyo, akaja Keko na ufunguo wa gari mkononi, akaanza kukwangua kitanda cha jirani yangu kabla hajafika kwangu. Jirani hakunisalimia siku tatu. Lakini siwezi kuiondoa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na hata isingekataza, mimi nauza kwa watu wenye shemeji.

Kuhusu WhatsApp, mambo machache ambayo yatakuokolea muda. Tumia ile ya biashara, ina katalogi ya kuweka bidhaa na bei, na ina lebo. Zangu ni "kauliza", "kalipa kianzio", "kapelekewa". Kila Ijumaa nafungua lebo ya "kauliza" nawasalimia wote, bila kusukuma: "Dada, ulipata kitanda au bado tunatafuta?" Stetasi inadumu saa 24 tu, kwa hiyo usimwage picha thelathini asubuhi. Weka tatu saa moja jioni, watu wako kwenye foleni, simu iko mkononi. Na brodkasti: orodha moja inabeba namba 256, na ujumbe wako unamfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Wengi hawalijui hili, wanatuma, wanashangaa kimya. Mpe mtu sababu ya kukuhifadhi. Mimi namwambia, "Nihifadhi kama Mama Vitanda Keko, nitakutumia picha za kitanda chako kila hatua." Anahifadhi papo hapo, kwa sababu pesa yake iko kwangu.

Usimtupe mteja kwenye kundi lako bila kumwuliza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na namba ya mtu ni taarifa yake. Picha ya sebule yake pia naomba kwanza. Akikataa, napiga kitanda kikiwa bado kwenye kirikuu.

Matangazo ya kulipia: nalipia kidogo, na kwa muda mfupi, kwenye zile wiki za kalenda niliyokwambia. Nachagua eneo kwa kuweka alama kwenye ramani, Goba na Madale wiki hii, Chamazi wiki ijayo, mahali ambako nyumba mpya zinaota. Lengo nachagua mtu aje WhatsApp, sichagui kupata laiki. Niliwahi kumlipa mtu maarufu wa mtandaoni, simtaji, aposti kochi langu. Laiki zilikuja kama mvua. Walioandika walikuwa Mwanza, Lubumbashi na mmoja alitaka namba yake yule maarufu. Pesa ile ingenunua mbao za makochi mawili.

Kitu cha bure ambacho wengi wameacha: jiandikishe kwenye ramani ya Google. Mtu akiandika "vitanda Keko" uonekane, na picha, na saa za kufungua. Bajaji nyingi zinakuja kwa lokesheni siku hizi, hazijui tena "pale kwenye mwembe".

Picha nne na kosa langu

Tatizo kubwa la kuuza kazi ya fundi katika mji huu ni kwamba kila mtu ana kidonda. Kila mtu aliwahi kumlipa fundi akaambiwa njoo kesho mpaka akachoka. Kwa hiyo hata tangazo liwe tamu vipi, mteja anakutazama akimwona yule fundi wake wa zamani.

Nami nimeshawahi kuwa yule fundi. Mwaka mmoja, kipindi cha baada ya Idi, nilipokea oda tano za harusi wakati mafundi ni wanne na mmoja mgonjwa. Nilijua. Nilishindwa kusema hapana. Kitanda kilichotakiwa Alhamisi kwa ajili ya sendofu kilifika Jumamosi usiku, vanishi bado inanata. Shangazi wa binti akaandika kwenye ukurasa wangu, kwa herufi kubwa, na alikuwa na haki ya kila neno. Sikufuta. Nilijibu pale pale kwamba kosa ni langu, nikarudisha sehemu ya pesa, nikamtuma mzee akarudie vanishi nyumbani kwao. Mwezi ule ulikuwa mkavu.

Ndipo nilipoanzisha picha nne. Mbao zikikatwa, mteja anapata picha yenye karatasi ya jina lake juu ya mbao. Kikiungwa, picha. Kikipigwa msasa, picha. Kikikauka, picha. Inanichukua dakika mbili. Sikuitengeneza iwe tangazo, nilitaka tu watu waache kunipigia kila siku. Lakini wateja wakaanza kuziweka kwenye stetasi zao wenyewe, "kitanda changu kinaendelea", na marafiki zao wanafuatilia kama tamthilia. Sasa hata tarehe ninayompa mtu naongeza siku tatu. Kikiwahi, ananisifu.

Mengine kwa ufupi

Bango: liandike lisomeke na mtu aliye ndani ya daladala inayotembea. VITANDA, MAKABATI, namba ya simu, basi. Jina refu la Kizungu lenye "and General Supplies" halijawahi kumuuzia mtu droo.

Sabasaba: ukipata nafasi ya kushirikiana banda na wenzako, nenda, lakini usipeleke duka zima. Peleka kitanda kimoja kilicho bora, waachie watu wakikalie, watoto warukie. Watu wengi pale wamekuja kutembea, hawanunui siku hiyo. Chukua namba, kwa ridhaa yao, na wapigie ndani ya wiki. Baada ya hapo hawakukumbuki.

Punguzo: sitoi bila sababu inayotajika. "Masika, mafundi wana nafasi, usafiri bure mpaka mwisho wa Aprili." Mtu anaelewa. Ukipunguza kila wiki, umemfundisha asubiri wiki ijayo.

Swali moja kwenye daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, na matangazo ni hivyo hivyo. Kila anayelipa namwuliza, "Umetujuaje?" naandika neno moja: kirikuu, somo, kibao, Instagram, ramani, kapita, au jina la aliyemleta. Mwisho wa mwezi nahesabu kwa kidole. Ni kwa sababu ya daftari hilo niliacha matangazo ya redio, nikaacha vipeperushi vya kugawa kwenye foleni, nikaongeza vigoda. Lako litakuambia mengine. Safu ndefu kwangu, mwaka baada ya mwaka, ni ile ya majina ya watu walioletwa na wateja wa zamani.

Kwa sababu ya safu hiyo nafanya kitu ambacho majirani zangu wanakiona ni upotevu wa nauli. Miezi sita baada ya kupeleka kitanda napiga simu: "Shikamoo mama, kitanda kinalia?" Vitanda vyote hulia kidogo, mbao hutulia, nati hulegea. Namtuma kijana na spana, anakikaza bure, dakika kumi. Anaenda pia na futi kamba, hiyo sijamficha mtu. Juzi karudi kutoka Kinyerezi saa kumi na mbili jioni, kalowa mvua, kanipa karatasi iliyokunjwa. Kitanda kimekazwa. Halafu chini, kwa mwandiko wa mama mwenyewe: kabati la nguo milango mitatu, urefu futi saba, na jirani wa geti jeusi anaomba namba.